Namna ya Kufuatilia Historia ya Uwakilishi wa Zanzibar katika Bunge la Muungano

Ukimuuliza mtu Zanzibar ina wabunge wangapi katika Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, aghalabu atakujibu hamsini, na hatakuwa amekosea sana. Hamsini ni idadi ya majimbo ya Zanzibar katika uchaguzi wa Bunge hilo, nayo haijabadilika tangu uchaguzi wa 1985. Jibu hilo, hata hivyo, halikuelezi lolote kuhusu miaka 21 iliyotangulia, wala kuhusu wabunge wa Zanzibar ambao hawakuwahi kupigiwa kura jimboni, wala kwa nini hamsini ya 1985 ilikuwa na uzito mkubwa kuliko hamsini ya leo. Mwongozo huu unamlenga mwanafunzi, mwandishi wa habari au mwananchi yeyote anayetaka kuiandika historia hiyo kwa usahihi, tangu Muungano hadi sasa.

Kosa la kwanza la watafiti wengi ni kuanza na majina. Wanakusanya orodha ndefu ya waheshimiwa, kisha wanashangaa mbona jumla zao hazilingani na za mtu mwingine. Ushauri wangu ni kuanza na mlango, yaani njia ya kikatiba ambayo kila mbunge aliingilia. Chora daftari lenye safu hizi: mlango, jina, jimbo au chombo kilichomtuma, Bunge la ngapi, tarehe ya kuapa, tarehe ya kuondoka na sababu ya kuondoka. Safu ya mlango itangulie jina, kwa sababu milango ndiyo iliyobadilika kadiri Katiba ilivyobadilika, na historia yote ya uwakilishi wa Zanzibar ni historia ya milango iliyofunguliwa, iliyofungwa na iliyopanuliwa.

Pa kuanzia

Anza na Hati za Muungano zilizotiwa saini na Mwalimu Julius Nyerere na Sheikh Abeid Amani Karume tarehe 22 Aprili 1964, zikaridhiwa na Bunge la Tanganyika tarehe 25 Aprili, na Muungano ukaanza tarehe 26. Zisome mwenyewe, si muhtasari wake. Utaona kwamba Katiba ya Tanganyika ilitakiwa irekebishwe ili iwe Katiba ya muda ya Jamhuri ya Muungano, na miongoni mwa mambo yaliyotakiwa kuingizwa ni uwakilishi wa Zanzibar katika Bunge la Muungano. Kifungu hicho ni kifupi mno: hakitaji idadi, hakisemi wabunge hao watapatikanaje, wala hakiweki uwiano wowote na idadi ya watu. Kila kilichofuata ni majaribio ya kukijaza kifungu hicho.

Usivutwe kurudi nyuma zaidi katika daftari hilo hilo. Zanzibar ilikuwa na Baraza lake la Kutunga Sheria tangu 1926, na wananchi walipiga kura Julai 1957, Januari 1961, Juni 1961 na Julai 1963. Historia hiyo ina utamu wake, hasa ule uchaguzi wa Januari 1961 uliovipa vyama vya Zanzibar vya wakati huo viti 10 kwa ASP (Afro-Shirazi Party), 9 kwa ZNP (Zanzibar Nationalist Party) na 3 kwa ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party), huku jimbo la Chake Chake likiamuliwa kwa kura moja tu. Lakini hiyo ni historia ya chombo cha Zanzibar yenyewe, na chombo hicho kilikoma kwa Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Kiandalie daftari lake. Ukivichanganya viwili hivi utaonekana kana kwamba uwakilishi wa 1964 ulirithi uchaguzi wa 1963, ilhali ukweli ni kinyume chake: kati ya viwili hivyo kuna mapinduzi, na baada yake mamlaka ya kutunga sheria Visiwani yalikuwa mikononi mwa Baraza la Mapinduzi.

Zama za uteuzi

Hatua ya pili ni Katiba ya Muda ya 1965, na hapa ndipo utakapotumia muda mwingi. Katika uchaguzi wa mwaka huo wananchi wa Bara walichagua wabunge katika majimbo 107. Zanzibar haikuwa na jimbo hata moja. Milango yake ilikuwa miwili mikubwa: wajumbe wa Baraza la Mapinduzi, wasiozidi 32, ambao waliingia bungeni kwa wadhifa wao, na Wazanzibari wengine wasiozidi 20 walioteuliwa na Rais. Jumla ya juu kabisa ni 52.

Neno la kushikilia hapo ni «wasiozidi». Hiyo ni dari tu. Usiandike kwamba Zanzibar ilikuwa na wabunge 52 mwaka fulani kwa sababu tu Katiba iliruhusu 52. Baraza la Mapinduzi halikuwa na wajumbe 32 wakati wote, na nafasi za uteuzi hujazwa Rais anapoona inafaa. Ili kupata idadi halisi, fungua Taarifa Rasmi ya Majadiliano ya Bunge, ambayo wengi tunaiita Hansadi, katika kikao cha kwanza cha kila Bunge jipya, uhesabu walioapa. Matoleo mengi ya zamani huenda usiyapate mtandaoni. Utayapata katika Maktaba ya Bunge Dodoma, au katika sehemu ya machapisho ya Afrika Mashariki ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Uteuzi uliofanyika katikati ya kipindi utafute katika Gazeti la Serikali.

Kuhesabu Mabunge nako kuna utaratibu wake. Hesabu inayotumika inaanza na Bunge la uchaguzi wa 1965 kama Bunge la Kwanza, na kila uchaguzi mkuu umeongeza moja, ndiyo maana la 1985 ni la Tano, la 1995 ni la Saba na la 2025 ni la Kumi na Tatu. Kipindi cha Aprili 1964 hadi uchaguzi wa 1965 kipe ukurasa wake, kwa sababu lilikuwa Bunge la Tanganyika lililopanuliwa kuwapokea Wazanzibari, na katika hesabu hiyo halina namba.

Kura inafika Visiwani

Tarehe 5 Februari 1977 TANU, chama tawala cha Bara, na ASP, chama tawala cha Zanzibar, ziliungana kuwa Chama cha Mapinduzi, na Aprili mwaka huo Katiba ya kudumu ikapitishwa. Mwaka 1979 Zanzibar ilipata Katiba yake, na Baraza la Wawakilishi likaanza kazi Januari 1980. Mwaka huo huo, katika uchaguzi mkuu, Wazanzibari wakawachagua wabunge wa Muungano kwa kura kwa mara ya kwanza: majimbo 10, dhidi ya 101 ya Bara.

Miaka mitano baadaye mambo yakabadilika mno. Marekebisho makubwa ya Katiba ya 1984, yaani Sheria Na. 15 ya mwaka huo, yaliupa uchaguzi wa 1985 sura tofauti. Kati ya majimbo 169 ya nchi nzima, 119 yalikuwa ya Bara na 50 ya Zanzibar. Wabunge watano wakachaguliwa na Baraza la Wawakilishi kutoka miongoni mwa wajumbe wake. Wakuu wa mikoa wote 25 walikuwa wabunge kwa nyadhifa zao, na kwa kuwa Zanzibar ina mikoa mitano, watano kati yao walikuwa wa Visiwani. Kulikuwa pia na viti 15 vya wanawake, 15 vya jumuiya za umma na 15 vya uteuzi wa Rais, na Bunge zima likafikia viti 244. Hesabu Zanzibar kwa milango isiyo na utata tu, na tayari unapata 60 kabla hujaigusa ile mitatu ya mwisho.

Je, ile hamsini ilitoka wapi? Katiba ya Muungano haiitaji popote. Inaiachia Tume ya Uchaguzi kazi ya kugawa majimbo. Kwa maoni yangu, ukiiweka 50 ya kuchaguliwa kando ya 52 ya dari ya 1965, ni vigumu kuamini kwamba waliopanga walikuwa wakihesabu vichwa vya watu. Walikuwa wakitunza ukubwa wa sauti ambao Zanzibar ilikuwa imeuzoea, wakibadilisha tu namna ya kuupata. Huo ni mtazamo wangu, nawe ukipata sababu nyingine katika Hansadi ya 1984, iandike.

Baada ya 1992

Mfumo wa vyama vingi ulifunga milango kadhaa kwa mpigo. Tangu uchaguzi wa 1995 wakuu wa mikoa hawakuwa tena wabunge kwa nyadhifa zao, na zile jumuiya za umma zilipoteza viti vyake. Nafasi za uteuzi wa Rais ziliondolewa, kisha zikarudishwa na marekebisho ya 2000 zikiwa zisizozidi kumi. Viti maalumu vya wanawake vilipanuka hatua kwa hatua hadi marekebisho ya 2005 yalipoweka kiwango cha angalau asilimia 30 ya wabunge. Kwa Bunge la leo, soma Ibara ya 66 ya Katiba ya 1977, ambayo inaitaja milango yote mmoja baada ya mwingine. Angalia pia lugha yenyewe: Katiba ya Muungano husema «ibara» na Katiba ya Zanzibar husema «kifungu». Mtu anayekunukulia «Ibara ya 120 ya Katiba ya Zanzibar» pengine hakuifungua.

Viti maalumu ndivyo vitakavyokusumbua kuliko vyote. Mbunge wa viti maalumu hana jimbo, na orodha nyingi humtaja kwa jina na chama basi. Ili umweke upande wa Zanzibar unahitaji kujua chama chake kilimpendekeza kutoka mkoa gani. Kama huna ushahidi huo, mwache katika kundi lake peke yake, wala usikisie kwa jina la ukoo. Majina ya Kiislamu ya pwani yako Tanga, Lindi na Bagamoyo kama yalivyo Unguja.

Mbunge na mwakilishi, jimbo na jimbo

Mpiga kura wa Zanzibar siku ya uchaguzi mkuu hupewa karatasi tano: ya Rais wa Jamhuri ya Muungano, ya mbunge, ya Rais wa Zanzibar, ya mwakilishi na ya diwani. Mwenzake wa Bara hupewa tatu. Kwa hiyo Mji Mkongwe, kwa mfano, ina mbunge anayekwenda Dodoma na mwakilishi anayekwenda Chukwani, Unguja, liliko Baraza la Wawakilishi, na magazeti yamewachanganya mara nyingi mno. Ukikuta mtu ameandikwa «mbunge wa Zanzibar» kwenye habari ya gazeti, usimwingize daftarini kabla hujamwona katika Hansadi ya Bunge. Kinyume chake, usimfute mtu kwa sababu tu umemkuta katika orodha ya Baraza la Wawakilishi, kwani huenda ni mmoja wa wale watano wanaokaa katika vyombo vyote viwili kwa wakati mmoja.

Mipaka ya majimbo ina historia yake. Ndani ya ile hamsini, Pemba ilikuwa na majimbo 21 na Unguja 29 katika chaguzi za 1995 na 2000. Kuanzia 2005 Pemba ikawa na 18 na Unguja 32. Jumla haikuonyesha mabadiliko hayo hata kidogo, ndiyo maana nakusihi uongeze safu ya kisiwa. Kisha mwaka 2015 Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar iliyafanya majimbo ya Baraza la Wawakilishi kuwa 54, wakati majimbo ya Bunge la Muungano yalibaki 50. Kwa miaka mitano ramani mbili zilikuwa zimelaliana bila kulingana, hadi Baraza liliporudi kwenye majimbo 50 mwaka 2020. Matokeo yoyote ya kipindi hicho yasome ukijua ni ya ramani ipi.

Kuna mtego mwingine ambao mimi mwenyewe niliuangukia. Nilipoandika orodha yangu ya kwanza nilimweka Dkt. Hussein Ali Mwinyi upande wa Zanzibar kuanzia 2000, nikiona jambo hilo halihitaji hata kuthibitishwa. Mwaka 2000 alichaguliwa kuwa mbunge wa Mkuranga, mkoani Pwani. Jimbo la Kwahani, Unguja, aliliwakilisha kuanzia 2005 hadi 2020, alipogombea na kushinda urais wa Zanzibar. Daftari linahesabu viti, na kiti chake cha kwanza kilikuwa cha Bara. Niliifuta jumla ya mwaka 2000 kwa wino mwekundu, na tangu hapo sijazi safu ya jimbo kwa kumbukumbu.

Mtego wa mwisho katika kundi hili ni Bunge Maalum la Katiba la 2014. Lilikaa Dodoma na lilikuwa na Hansadi yake, lakini lilikusanya wabunge wote, wajumbe wote wa Baraza la Wawakilishi na wajumbe 201 walioteuliwa na Rais. Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa makamu mwenyekiti wake, alikuwa kweli mbunge, wa Makunduchi, tangu 2010, baada ya miaka kumi katika Baraza la Wawakilishi. Wajumbe wengi wa Zanzibar waliosimama kuzungumza katika Bunge hilo hawakuwa wabunge kabisa.

Kupima uzito

Daftari likishajaa, anza hesabu. Gawa viti vya majimbo ya Zanzibar kwa majimbo yote ya nchi, uchaguzi kwa uchaguzi. Mwaka 1980 utapata 10 kati ya 111, yaani asilimia 9. Mwaka 1985 ni 50 kati ya 169, karibu asilimia 30. Mwaka 1995, majimbo yote yalipokuwa 232, ni asilimia 21.6. Mwaka 2015, kati ya 264, ni asilimia 18.9, na mwaka 2025, kati ya 272, ni asilimia 18.4. Hamsini imekaa palepale kwa miaka arobaini wakati Bara ikitoka 119 hadi 222.

Halafu weka sensa kando yake. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, na kati yao 1,889,773 walikuwa Zanzibar, ambao ni kama asilimia 3. Kwa majimbo ya 2025, jimbo la Zanzibar lina wastani wa watu wapatao 37,800, na la Bara lina takriban 269,600. Wanaolalamikia uwiano huu Bara huutaja kama upendeleo. Wazanzibari wengi huujibu kwa kusema kwamba nchi mbili ziliungana, na nchi haipimwi kwa wingi wa watu tu. Mwandishi wa historia hana haja ya kuamua ugomvi huo, lakini anapaswa kuonyesha tarakimu zote mbili, asilimia 18 na asilimia 3, kwenye ukurasa mmoja. Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ya 2013 ilipendekeza kuukata mzizi wake kwa kutumia mikoa ya Bara na wilaya za Zanzibar badala ya majimbo, ili Bunge dogo la Muungano liwe na wabunge 50 wa Bara na 20 wa Visiwani. Pendekezo hilo halikupita.

Uzito wa kweli, hata hivyo, hauko katika asilimia. Soma Ibara ya 98. Katiba ikibadilishwa katika mambo yaliyotajwa kwenye Orodha ya Pili ya Nyongeza ya Pili, haitoshi kupata theluthi mbili ya Bunge zima. Zinatakiwa theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, kila upande peke yake. Hapa ndipo safu yako ya mlango inapolipa. Chukua majimbo 50 tu, kwa hesabu rahisi: theluthi mbili ni 34, hivyo wabunge 17 wanatosha kuzuia. Mwaka 1995 CUF, chama cha upinzani, ilishinda majimbo 24 ya Zanzibar, yakiwamo yote 21 ya Pemba. Katika Bunge la majimbo 232, chama chenye 24 huonekana ni kidogo. Katika kundi la Zanzibar kilikuwa na karibu nusu. Ongeza wabunge watano wa Baraza na wa viti maalumu, na utaona kwamba kuamua nani anahesabiwa kuwa wa Zanzibar si mchezo wa makarani.

Kuhakiki

Thibitisha jumla zako kwa viapo. Kila mbunge huapa kabla ya kushiriki shughuli za Bunge, na Hansadi huandika majina yao. Usitosheke na siku za mwanzo, kwa sababu watano wa Baraza na walioteuliwa na Rais mara nyingi huapa baadaye, na uchaguzi mdogo huleta wengine katikati. Wabunge wa CUF waliogoma baada ya uchaguzi wa 2000 walipoteza viti vyao, na uchaguzi mdogo wa Mei 2003 ulileta sura mpya kutoka Pemba. Atakayeandika Bunge la Nane kwa orodha ya mwaka 2000 pekee atawakosa hao wote.

Bunge la Kumi na Moja lifanye kipimo cha daftari lako. Tarehe 25 Oktoba 2015 Wazanzibari walipiga kura zote tano siku moja. Tarehe 28 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar alifuta uchaguzi wa Rais wa Zanzibar, wawakilishi na madiwani, lakini kura za ubunge, zilizosimamiwa na Tume ya Taifa ya Uchaguzi, zilibaki halali. Wabunge wa majimbo 50 wakaenda Dodoma Novemba. Baraza la Wawakilishi halikuwapo hadi uchaguzi uliporudiwa tarehe 20 Machi 2016, kwa hiyo kwa miezi kadhaa hapakuwa na chombo cha kuwachagua wale watano. Ukifungua ukurasa wako wa Novemba 2015 na kuukuta mlango wa Baraza umejazwa majina, rudi kwenye Hansadi ya mwaka 2016.